Nani Anabaki na Mzazi? Historia fupi ya siku za kwanza za mama na mtoto katika kambi za Katanga

Juu ya kuzaliwa kwetu kunasemwa mengi. Jina la mtoto, ngoma za mapasa, zawadi anazotoa baba: mambo hayo kila mzee anaweza kuyaeleza mpaka usiku. Lakini mama aliyezaa jana, ambaye leo hana nguvu ya kuinua sufuria, nani anabaki naye? Juu ya swali hilo tunaandika kidogo. Labda ni kwa sababu ilikuwa kazi ya wanawake, na walioshika kalamu walikuwa wanaume kama sisi.

Mukini jibu lilijulikana. Mwanamke wa mimba ya kwanza mara nyingi alirudi kwa mama yake, ama mama yake alikuja na kikapu kichwani. Kazi yake haikuwa kuzalisha tu. Alimkanda mzazi kwa maji ya moto, alimpikia uji na mchuzi, aliosha mtoto, usiku alimwamsha binti anyonyeshe. Na zaidi ya yote alimpokonya jembe na mtungi. Mume akiuliza chakula, alijibiwa na mama mkwe, na unajua wewe mwenyewe, mbele ya mama mkwe mwanaume haongezi neno.

Katika Congo yetu kuna watu waliopeleka desturi hii mbali kuliko wote. Ni Waekonda, kule upande wa ziwa Tumba. Mama wa mtoto wa kwanza anaitwa walé. Anarudi kwa wazazi wake, anapakwa ngola nyekundu, halali na mume wala hafanyi kazi ngumu, anahudumiwa yeye na mtoto wake. Hiyo si wiki mbili: inaweza kuwa miaka miwili, mara nyingine hata mitano. Siku ya kutoka anaimba na kucheza mbele ya kijiji kizima. Wengine watasema ni uvivu. Sisi tunasema ni watu waliofanya hesabu: kunyonyesha mtoto ni kazi, na mtu mwenye kazi hapewi kazi nyingine juu yake.

Sasa turudi Katanga. Union Minière, kampuni ambayo wazee wetu waliita Changa-Changa, ilianzishwa 1906, na Elisabethville ikazaliwa 1910. Mwanzoni kampuni ilitaka mikono ya wanaume tu: vijana kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Ruanda-Urundi, kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa na wengi walitoroka. Kufika mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilibadili mawazo: mkataba wa miaka mitatu, na mfanyakazi aje na bibi yake. Reli ya BCK ilifika Port-Francqui, leo Ilebo, mwaka 1928. Bibi arusi aliweza kupanda treni kule Kasai na kushuka Katanga. Mama yake alibaki nyuma.

Hapo ndipo kampuni ilijiweka mahali pa mama. Kambini kulikuwa na maternite, mganga, masista. Mtoto alipimwa kilo, alipewa maziwa na chakula, na poso ya nyumba ilihesabu mke na watoto. Daktari Léopold Mottoulle, aliyesimamia siasa hiyo, aliisifu katika maandishi yake ya 1946. Tuseme kweli: vifo vya watoto kambini vilipungua sana, na hakuna mzazi atakayelia juu ya hilo. Lakini hesabu ilikuwa ya kampuni. Mtoto alikuwa mfanyakazi wa kesho. Desturi ya kunyonyesha miaka miwili au mitatu bila kulala na mume, Wazungu wa koloni waliiona kama kizuizi cha uzazi, wakatafuta mtoto aachishwe ziwa mapema.

Mizani inapima mtoto, haikai na mama usiku. Sista alirudi kwao jioni. Kwa hiyo wanawake wa kambi walijitafutia wenyewe, na kwetu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Jirani akawa mama. Mubemba alimkanda Muluba, kesho yake Musonge alileta uji, na lugha yao ilikuwa hiki Kiswahili chetu cha kambi ambacho mashuleni tunawakataza watoto. Wamama wazee wa kambi wakiulizwa leo, hawaanzi na maziwa ya kampuni. Wanaanza na jina la jirani: huyu ndiye alinikanda.

Halafu Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilianguka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Miaka ikafuata ambamo mshahara haukuja. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondolewa katika kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu aliandika mwaka 2001 kitabu juu ya familia hizo na akawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Tunaongeza neno moja: na nkambo pia aliondoka nyumbani. Hakuwakimbia. Alikwenda sokoni. Mume alipokosa mshahara, mama alipanga nyanya na makala, na mama wa mama naye vilevile. Jirani aliyekuwa akikanda, leo saa kumi na moja ya asubuhi yuko njiani na beseni.

Sheria ya kazi ya 2002 inampa mwanamke wa mshahara majuma kumi na manne ya uzazi, yasiyozidi manane baada ya kuzaa. Mume wake alipewa siku mbili. Muuza nyanya hana hata moja. Huko Marekani, Dana Raphael alitumia neno la Kigiriki, doula, katika kitabu chake cha 1973 juu ya kunyonyesha, kumtaja mwanamke anayemtunza mzazi. Siku hizi ziko familia zinazomlipa mtu wa namna hiyo kwa saa. Tusicheke. Nasi mjini tumeanza kumlipa msichana wa kazi, tofauti ni kwamba yeye hajawahi kuona mzazi na hakuna aliyemfundisha.

Wala hatusemi nkambo hakosei. Dawa za majani juu ya kitovu zimeua watoto, na maziwa ya kwanza, yale ya njano, yalimwagwa bure mahali pengi. OMS iliagiza mwaka 2022 kwamba baada ya siku ya kwanza mama na mtoto waonwe tena siku ya pili au ya tatu, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na juma la sita. Vizuri. Lakini kati ya siku hizo, homa inapopanda usiku ao damu inapozidi, anayeiona kwanza ni yule aliyelala chumba kimoja na mzazi.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa 2009. Maternite moja ya mjini, ambayo hatutaitaja, ilimzuia bibi yetu siku nne juu ya deni. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Mama mkwe alitoka Likasi na basi, akabeba unga, karanga na kitambaa cha kukandia. Siku hizo nne alilala chini, kwenye kitenge, karibu na kitanda. Nyumbani alikaa majuma sita. Sisi tulifundisha, tulirudi, tulikuta maji yamechemka na mtoto amelala. Alipotaka kuondoka tulimlipia basi na kumpa kitenge kipya. Alipofika Likasi, meza yake ya sokoni ilikuwa imekwisha chukuliwa na mwingine.