Felti, au Sufu Iliyosongwa

Anayeanza kufuma sweta hapati tabu kujieleza. Atasema "nafuma", na jirani atamwelekeza kwa mama fulani mwenye sindano na subira. Mshonaji, mtarizi na msusi wa mikeka, wote wana kitenzi chao. Lakini mtu anayechukua bonge la sufu isiyosokotwa, akalinyunyizia maji ya moto yenye sabuni, akalisugua kwa viganja mpaka likawa kitambaa kizima kisicho na mtande wala mshindio, anafanya kazi ambayo Kiswahili hakijaipa kitenzi kinachojulikana na wengi. Nilipoianza kazi hii nilijua kuifanya kabla sijajua kuitaja, na kwa hiyo kuwatafuta wenzangu kukawa kugumu kuliko kazi yenyewe. Wenzangu walikuwepo. Mmoja, wa Nairobi, alisema "anagandisha sufu". Wa Arusha alisema "anabana manyoya". Wa tatu, mtengenezaji wa kofia za watoto, alisema tu kwamba "anafelti". Wote walikuwa katika kazi moja, na hakuna aliyeweza kumpata mwenzake kwa kuuliza. Ndiyo maana naona kuitafutia kazi hii istilahi si shughuli ya wanakamusi peke yao.

Tuanze na kitu chenyewe. Felti ni kitambaa kinachopatikana kwa manyoya kushikana yenyewe kwa yenyewe, bila uzi, bila kitanda cha mfumi, bila gundi. Unyoya wa kondoo umejengwa kwa keratini, protini ileile ya kucha na nywele zetu. Juu yake umefunikwa na magamba madogo mno, yanayopandana, yote yakielekea upande mmoja, kutoka shinani kwenda nchani. Kwa sababu ya mwelekeo huo unyoya huteleza vizuri ukienda upande wa shina, na hukwama ukitaka kurudi. Maji ya moto huuvimbisha na kuulainisha. Sabuni huuwezesha kuteleza, na alkali iliyomo husaidia magamba kuinuka. Mkono unaposugua, kila unyoya hupiga hatua ndogo kuelekea shina lake, ukapenya kati ya wenzake, na haurudi tena. Hatua hizo zikirudiwa mara elfu nyingi, manyoya huingiliana hata usiweze kuyatenganisha bila kuyakata.

Wengi wetu tumeliona jambo hili bila kulitaka. Sweta ya sufu ikifuliwa kwa maji moto na kupigwapigwa, "hurudi": hutoka nene, ngumu, na haimtoshi tena mwenyewe. Je, neno letu la felti lisingetoka hapo? Nadhani hapana. Shati la pamba nalo hurudi, kwa sababu nyuzi zake zilivutwa kiwandani na majini zinalegea. Sufu hurudi kwa sababu nyingine kabisa, yaani manyoya yake yamepenyana. Kitenzi "kurudi" kinataja kipimo cha nguo, hakitaji kilichotokea ndani yake, na istilahi ya kazi ya mikono inapaswa kumwambia mwanafunzi mkono wake unafanya nini.

Kwa kipimo hicho hicho maneno ya wenzangu yanapungua. Kugandisha kunaleta fikra ya baridi au ya gundi, na hapa hakuna kimojawapo. Kubana ni kwa muda, maana kilichobanwa kinaweza kuachiwa. Kubandika kunahitaji kitu cha kubandikiwa. Kufuma ni kosa moja kwa moja, kwani sifa kuu ya felti ni kwamba haikufumwa.

Kitenzi ninachokitetea ni kusonga. Wanawake wa nchi zetu wanakitumia kila jioni jikoni: ugali hausukwi wala haukorogwi tu, unasongwa. Kuna maji ya moto, kuna kukandamiza na kugeuza, na kuna ile dakika ambapo unga na maji vinaacha kuwa viwili na sufuriani kunabaki kitu kimoja kinachoshika. Msongaji wa sufu anaitambua dakika hiyo kwa vidole. Kitenzi hiki pia kina maana ya kukaza na kubana pande zote, na kinatumika kwa nywele zinazosukwa. Kikinyambuliwa kinatoa kusongamana, ambako ndiko wafanyako watu wengi mahali padogo, kila mmoja akiingia penye nafasi ya mwenzake. Tena kuna kusonga mbele. Mwanzoni maana hiyo ya mwisho niliiona ni ya pembeni, lakini nilipoelewa kazi ya magamba niliiona kuwa ya katikati, kwa kuwa unyoya husonga mbele, upande mmoja tu, na hauna njia ya kurudi.

Bibi mmoja mwenye asili ya Unguja, mkazi wa Maskati, ndiye aliyenitia moyo zaidi. Nilipomweleza kazi hii alinikatiza: "Mwanangu, hiyo si lubbad?" Lubbad ndilo jina la felti kwa Kiarabu, na mzizi wake, lam-ba-dal, una maana ya kushikana na kulundikana. Katika Sura ya Al-Jinn mzizi huohuo umetumika kwa umati unaosongamana juu ya mtu mmoja. Waarabu, basi, walipita njia ileile tunayotaka kuipita: kutoka kwa watu wanaosongana kwenda kwa manyoya yanayosongana. Pwani yetu ilichukua kwao sufu na tarbushi, ambayo yenyewe ni kofia ya sufu iliyosongwa, bali jina la kazi halikushika. Sababu haiko mbali. Kondoo wetu wa asili, yule mwekundu wa Kimasai na yule mweupe mwenye kichwa cheusi, wana nywele fupi, hawana sufu. Lugha haikuhitaji kitenzi cha kazi isiyokuwa na malighafi.

Kwa nini basi tusiitupe felti na kuita kitambaa "msongo" au "msongamano"? Kwa sababu maneno hayo yana wenyewe. Msongo umekwenda kwa mawazo, msongamano umekwenda kwa magari, na hakuna atakayevaa kofia ya msongo. Felti tayari inasikika kwa wauzaji wa vifaa vya shule na vya ushonaji, na ina ndugu yake anayeishi nasi siku nyingi katika gereji: filta. Kilatini cha Zama za Kati kiliita kichujio kwa jina la felti, kwa kuwa vimiminika vilichujwa kwa vipande vya felti, na neno hilo likazunguka Ulaya mpaka likafika kwa mafundi wetu wa magari. Sioni aibu ya mkopo huu. Nomino tuikope, kitenzi tukitoe nyumbani: tunasonga sufu ili tupate felti. Mfanyaji ni msongaji na kazi ni usongaji. Ila vile vipande vya rangirangi vinavyouzwa kwa ajili ya watoto aghalabu ni poliesta iliyodungwa kwa mashine, kwa hiyo mtu atakaye kitu cha kondoo aseme felti ya sufu.

Kazi yenyewe ina hatua mbili ambazo nazo zinastahili majina. Kwanza unapanga sufu iliyochanwa kwa tabaka nyembamba, moja ya wima na nyingine ya mlalo, unailowesha, unaisugua polepole bila haraka. Hapo sufu inashika. Unajaribu kwa kufinya juu yake kwa vidole viwili: manyoya yakinyanyuka peke yake, bado, kitambaa kizima kikinyanyuka, imeshika. Kisha unakiviringisha ndani ya jamvi au mkeka wa mianzi, unakisukuma mbele na nyuma, unakigeuza, unakiviringisha upya, hata kukipiga mezani. Hiyo ni kukaza. Kitambaa hupungua theluthi moja au zaidi ya ukubwa wake na kuwa kizito. Kilichoshika bila kukazwa tunaweza kukiita felti changa. Wasongaji hukikata maua na nakshi na kuzipachika juu ya kazi nyingine, kwa sababu bado kina manyoya yaliyo tayari kuingia.

Njia ya pili haina maji. Inatumia sindano ndefu yenye vijino vidogo ubavuni, vinavyotazama ncha. Ikiingia inasukuma manyoya ndani, ikitoka inayaacha hukohuko. Viwanda vilikuwa na mashine za sindano hizi tangu karne ya 19, lakini kuishika sindano moja mkononi na kuchonga nayo ndege au sungura ni jambo la miaka ya 1980, lililoanzishwa Marekani na David na Eleanor Stanwood wa kisiwa cha Martha's Vineyard. Hapa sing'ang'anii kusonga. Anayefanya kazi hii husema anadunga, na kudunga sufu ni jina sahihi. Matokeo ni felti, njia ni mbili.

Wanaoanza wengi siku hizi huingia kwa mlango wa sindano, kwa kuwa inafanyika peke yako, juu ya kipande cha sponji. Mimi nawapendekezea mlango wa maji, na sababu yangu ni watu. Felti kubwa haisongwi na mtu mmoja. Huko Kirgizia wanawake hupanga sufu ya rangi juu ya mkeka wa matete, humwagia maji ya moto, huviringisha, kisha hujipanga safu na kulisukuma furushi hilo kwa mikono mpaka litoke zulia liitwalo ala-kiyiz. Kazi hiyo pamoja na shyrdak, zulia la vipande vya felti vilivyoshonwa, viliwekwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wamongolia walifungia furushi nyuma ya farasi au ngamia na kuliburura nyikani. Wakati Chinggis Khan alipoyaunganisha makabila mwaka 1206, waliounganishwa walitajwa kuwa watu wa mahema ya felti. Kitambaa kilikuwa jina la taifa. Na ni cha kale: katika makaburi ya Pazyryk, milimani Altai, barafu ilitunza kwa takriban miaka 2,400 pazia kubwa la felti lenye picha za wapanda farasi, ambalo sasa liko katika jumba la Hermitage, St Petersburg.

Uingereza, ambako kazi ya mkono ilikuwa imefifia mbele ya viwanda, iliamshwa na mtu aliyewakusanya watu. Mary Burkett, mkuu wa jumba la sanaa la Abbot Hall mjini Kendal, aliandaa maonyesho na kuandika kitabu juu ya watengeneza felti mwaka 1979. Miaka mitano baadaye, 1984, ilizaliwa jumuiya ya kimataifa ya wasongaji, na ipo hadi leo. Watu walioona kazi zao zimepewa jina hadharani walianza kuandikiana.

Kwetu malighafi ipo, ingawa si pwani. Nyanda za juu za Kenya, kuanzia Molo hadi Laikipia, zina kondoo wa Merino na Corriedale waliotokana na mifugo iliyoletwa na walowezi, na vikundi vya wanawake vya Nanyuki na Njoro husokota sufu yao kwa mkono. Anayetaka kusonga aombe sufu iliyooshwa na kuchanwa, kabla haijafika kwenye gurudumu la kusokotea. Merino, ambayo unyoya wake ni chini ya maikromita 24, hushika upesi na kutoa kitambaa laini. Corriedale ni nene zaidi, inafaa slipa na mikoba. Nyuzi nyingi za sweta zinazouzwa madukani ni akriliki, hazina magamba, hazitashika hata usugue mpaka usiku. Na sufu yenye lebo inayoruhusu kufuliwa kwa mashine imetiwa klorini na kupakwa utomvu wa kiwandani ili magamba yasifanye kazi yake. Ni nzuri kwa mfumaji, haimfai msongaji. Ukipata sufu mbichi toka kwa mfugaji, iloweke katika maji ya moto yenye sabuni ili mafuta ya lanolini yatoke, na usiikoroge hata kidogo, maana itaanza kusongamana humohumo ndani ya beseni kabla hujaipanga.