Manamba, Barua na Simu: Elimu ya Jamii na Vyombo vya Mawasiliano Katika Nchi ya Magoma

Magoma iko katika Wilaya ya Korogwe, kwenye Bonde la Lwengera litenganishalo milima ya Usambara ya Mashariki na ile ya Magharibi. Nchi hiyo, kama sehemu nyingi za Mkoa wa Tanga, ilibadilishwa sura na mkonge, mmea ulioletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye katika miche aliyoagiza ni 62 tu iliyosalimika. Mashamba yalipokua, wenyeji peke yao hawakutosha kuyalima, wala wengi wao hawakupenda kuacha mashamba yao wenyewe. Kwa hiyo watu waliletwa kutoka mbali, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuwaandikisha, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake.

Historia hii yaweza kudhaniwa kuwa haihusiani na swali linalowashughulisha wataalamu wa elimu ya jamii siku hizi, yaani jinsi simu, kompyuta na mitandao ya kijamii zinavyoingia katika maisha ya kila siku. Walakini uhusiano upo, nao ni wa karibu. Kabla ya chombo chochote kipya kufika, tayari palikuwa na watu waliotenganishwa na jamaa zao kwa safari ya siku nyingi, na waliodaiwa fedha, habari na heshima na watu wa kwao. Mtaalamu aanzaye na chombo hukiona chombo tu. Aanzaye na deni hilo huona pia kwa nini chombo kikatumiwa hivi na si vile.

Hili lilikwisha kuonekana zamani. P. H. Gulliver, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii wa serikali ya Tanganyika, alitoa mwaka 1955 uchunguzi wake juu ya Wangoni na Wandendeule waliokwenda kutafuta kazi ya mshahara mbali na kwao. Yeye hakuishia kuwahesabu walioondoka. Aliuliza pia juu ya nyumba na mashamba waliyoyaacha. Kazi ya namna hiyo ilionyesha kwamba mtu aliye kambini hakuwa amekatwa na kwao, na kwamba habari zake hazielezeki mpaka zijulikane pande zote mbili za njia.

Kompyuta, kinyume chake, haikuingia nchini kwa njia ya watu wa kawaida. Ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa chombo cha hesabu za serikali. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likalegezwa polepole katika miaka iliyofuata. Maadam mashine ilikuwa ya ofisi, maswali yaliyoulizwa juu yake nayo yalikuwa ya ofisi: gharama yake, mafundi wake, faida yake kwa mipango ya taifa. Hapakuwa na sababu ya kuuliza mkulima wa Korogwe aifanyie nini.

Nchi za nje nako mabadiliko ya fikira yalichelewa. Claude Fischer, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya historia ya simu huko Marekani, alionyesha kwamba makampuni ya simu yalikusudia chombo hicho kiwe cha biashara, nao watu wa nyumbani wakakifanya cha mazungumzo. Mwaka 2000 Daniel Miller na Don Slater walitoa uchunguzi wao wa intaneti katika kisiwa cha Trinidad, wakakataa dhana kwamba mtandao ni ulimwengu wa peke yake. Waliwakuta watu wakiutumia kuwa Watrinidad zaidi, wala si pungufu.

Simu ya mkononi ilipoanza Tanzania mwaka 1994, na kuenea hasa baada ya mwaka 2000, kazi ya kwanza ya wachunguzi ilikuwa kuhesabu laini. Hesabu hiyo ina manufaa yake, lakini ina upungufu mkubwa: mtu mmoja aweza kuwa na laini tatu, na simu moja yaweza kutumiwa na nyumba nzima. Waliokwenda kuketi na watu walipata mengi zaidi. Jonathan Donner, katika makala ya mwaka 2007 iliyotokana hasa na utafiti wake wa Rwanda, alieleza kanuni za kubipu: kwamba mwenye uwezo ndiye alipaye, na kwamba mwanamume anayemtaka mwanamke hapaswi kumbipu. Thomas Molony naye, mwaka 2008, alieleza habari za wakulima wa Tanzania wauzao mazao yaozayo upesi. Ilidhaniwa kwamba mkulima akipata simu atajua bei ya mjini na kumchagua mnunuzi. Molony alikuta kwamba mkulima aliyekwisha kukopeshwa na mnunuzi hana uchaguzi huo, hata aijue bei namna gani.

Hapa ndipo wataalamu wa lugha wana neno la kusema, maana maneno ni ushahidi usiohitaji mashine kuupima. Kwa chombo chenyewe palibuniwa ngamizi na tarakilishi, na wengi wakabaki na kompyuta. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya Jambo OpenOffice iliyosomeka kwa Kiswahili, kazi iliyotaka istilahi nyingi zilizopangwa kwa uangalifu. Wakati huo huo watu walijitungia yao bila kamati: kubipu, vocha, bando. Istilahi zilitaja sehemu za mashine. Maneno ya watu yalitaja gharama, na nani aibebe.

Ushahidi ulio mkubwa zaidi umo katika fedha. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Haikupita muda, likapatikana ombi linalojulikana na kila Mtanzania: “Tuma na ya kutolea.” Aombaye huyo hataki fedha tu; anataka hata ada ya wakala ilipwe na mtumaji, ili kitakachomfikia mkononi kisipungue. Kampuni iliweka ada. Jamaa wakaamua ni ya nani, kwa kanuni ile ile ya kubipu. Matapeli nao waliijua elimu hii ya jamii kabla ya vyuo. Ujumbe wao, “Ile hela tuma kwenye namba hii,” hauna jina wala salamu, na nguvu yake yote imo katika neno “ile.” Katika nchi ambamo karibu kila mtu anadaiwa na mtu fulani, anayetuma ujumbe huo kwa watu wengi hakosi kumpata mmoja aliyekuwa akijiandaa kutuma.

Mtafiti atakayekwenda Magoma kuchunguza makundi ya WhatsApp ya michango ya harusi na misiba atakutana na taabu ambazo Gulliver hakuzijua. Maandishi ya kundi huweza kusomwa na mtu aliye mbali, bila wenyewe kujua kwamba wanachunguzwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka mipaka, lakini sheria haimalizi wajibu wa idhini, kwa maana mmoja akikubali hajawakubalia wenzake. Tena yaliyoandikwa si yote: aliyenyamaza, aliyejitoa kundini, na mama asomewaye ujumbe na mjukuu wake, hawaonekani katika maandishi.

Hatari iliyopo basi si ndogo. Takwimu za makampuni ni nyingi na huja upesi, nazo humtambulisha mtu kwa namba ya laini yake. Vitabu vya mashamba ya mkonge navyo vilimtambulisha mtu kwa namba, na aliyetaka kujua manamba walikuwa nani, na waliacha akina nani kwao, ilimlazimu kuwaendea na kuwauliza.