Rangi ya furu na mahali pa taa

Furu ni samaki wadogo wa Ziwa Victoria. Dume akitoka kwenye wavu akiwa hai, una dakika chache tu za kumwona alivyo. Wekundu wa mgongoni huanza kupauka, njano ya ubavuni hufifia, na akishatiwa kwenye spiriti anabaki samaki wa kahawia asiye na tofauti na jirani yake wa chupani. Kwa sababu hiyo, watu walioandika habari za furu wa Ghuba ya Mwanza walilazimika pia kujifunza kazi ya taa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kazi hapa mwaka 1977. Sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, alikuwa bado hajatapakaa ghubani. Katikati ya miaka ya 1980 alifurika, na aina nyingi za furu zikatoweka hata kabla hazijapewa majina. Mwaka 1985 Els Witte-Maas na Frans Witte walimpa furu mmoja mwekundu wa kwenye miamba jina la Mwalimu Nyerere. Leo anaitwa Pundamilia nyererei. Ndugu yake wa rangi ya buluu ni Pundamilia pundamilia, na nafurahi kila nikiona neno letu limekaa hivyo katika orodha za sayansi za dunia nzima.

Ili kuokoa rangi, furu huingizwa angali hai kwenye kitangi chembamba cha kioo, akabanwa taratibu asigeuke, kisha akapigwa picha palepale. Flashi ikielekezwa kwenye kioo moja kwa moja, mmweko hurudi kwenye lenzi na ubavu wote unageuka doa jeupe. Ikisogezwa kando ikamulika kwa mshazari, magamba yanaonekana moja moja.

Chini ya maji kazi ni ngumu zaidi. Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya bahari tangu 1893, na alijaribu hata kutumia mwanga wa magnesi. Lakini ghuba yetu imejaa chembechembe za mwani na udongo. Taa ikikaa karibu na lenzi, chembe hizo ndizo zinazowaka kwanza, kama vumbi la barabarani mbele ya taa za gari usiku. Dawa yake ni kutenga flashi na kamera, kuipeleka pembeni, na kumsogelea samaki sana. Wavuvi wetu wa dagaa nao huiacha karabai ielee peke yake, mbali na mtumbwi.

Kuna jambo jingine, na hapa mafunzo ya baharini hayatoshi. Baharini, wekundu ndio hupotea kwanza kadiri unavyoshuka. Katika maji haya ya tope na mwani, buluu ndiyo hutangulia kupotea, na mwanga unaofika chini una rangi ya chungwa. Furu mwekundu huishi chini zaidi, wa buluu hukaa juu. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilifuatilia jambo hili kisiwa hadi kisiwa. Makobe, ambako jicho hupenya maji mita mbili na zaidi, walikuta aina mbili zilizotengana waziwazi. Luanso, ambako mwisho ni kama nusu mita, walikuta samaki waliochanganyika.

Walijaribu pia maabarani. Chini ya taa nyeupe, jike alimchagua dume wa aina yake kwa kuangalia rangi. Chini ya taa ya rangi moja ya chungwa, chaguo hilo lilipotea. Mwaka 1997 waliandika katika jarida la Science kwamba maji yanayochafuka yanaifuta mipaka kati ya aina za furu. Kwangu mimi huo ndio ugunduzi mzito kuliko yote yaliyotoka ghubani: tope linaweza kummaliza furu bila kumuua hata mmoja.

Basi wewe unayeshuka na kamera kwenye miamba ya Mwanza, usiilete picha peke yake. Andika ni kisiwa gani, kina cha mita ngapi, maji yalikuwaje siku hiyo, na flashi ilikaa upande gani. Bila hayo, anayekuja baada yako hataweza kujua kama wekundu ule ni wa furu au ni wa taa yako.