Kiti Kimoja Kati ya 71: Babati na Kura ya Mwaka 1960

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Darasani tulikariri kwamba katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Tuliandika hivyo katika mtihani, tukapata maksi, tukaenda swali linalofuata. Ni wachache waliouliza kile kiti kimoja kilikwenda wapi. Kilikuwa cha Mbulu, na siku hizo Babati ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Kwa hiyo habari hii ni yetu.

Mwaka ule wagombea wa TANU walipita bila kupingwa katika viti 58. Maana yake ni kwamba katika sehemu kubwa ya nchi, hata aliyejiandikisha hakupata nafasi ya kupiga kura. Tena si kila mtu aliruhusiwa kujiandikisha: ilitakiwa ujue kusoma na kuandika, au uwe na kipato au cheo kilichowekwa. Huku kwetu kura zilipigwa. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Bwana Herman Sarwatt, naye mwana-TANU, akasimama kama mgombea binafsi, akashinda. Kwa maoni yangu wananchi hawakuikataa TANU, sembuse Uhuru. Walitaka mwakilishi wamchague wenyewe.

Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, ulikuja utaratibu wa wagombea wawili, jembe na nyumba, na wananchi wakaamua. Hata mawaziri waliangushwa. Sisemi kwamba Mbulu ndiyo iliyoleta utaratibu huo, lakini swali lililojibiwa mwaka 1965 lilikuwa limekwisha kuulizwa kwetu miaka mitano kabla.

Babati yenyewe imekua. Ni mji wa njia panda, kati ya Arusha, Dodoma na Singida. Wagorowa, Wairaqw, Wambugwe, Warangi, Wabarbaig na wageni wa biashara wote wanakutana sokoni. Wilaya ilikatwa kutoka Hanang mwaka 1985, na mwaka 2002 mji ukawa makao makuu ya Mkoa mpya wa Manyara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,425,131 mkoani. Ile ya 2022, watu 1,892,502. Mwaka 2015 jimbo la Babati Mjini lilikwenda kwa Bibi Pauline Gekul wa CHADEMA. Mwaka 2018 alihamia CCM na akarudi Bungeni kwa kiti hicho hicho.

Lakini watu kuwa wengi si sawa na kura kuwa nyingi. Katika uchaguzi mkuu wa 2000, zaidi ya asilimia 80 ya waliojiandikisha nchini walipiga kura. Mwaka 2010 hawakufika hata asilimia 43. Na sisi wasomi ndio hodari wa kulalamika juu ya viwanja na maji, hali siku ya kumchagua mwenyekiti wa mtaa hatuonekani.

Aliyekuwa na miaka 21 mwaka 1960 sasa amepita 85. Wazee hao wanatutoka kila mwaka, na habari zao hazijaandikwa. Naomba kila mmoja wetu mwenye mzazi au jirani aliyepiga kura ile amwulize: ulimchagua nani, na kwa nini? Andikeni majibu, mje nayo katika mkutano wetu ujao.