Wazee wa Buhaya na tanuri lililopoa

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Yaani ufundi wa chuma hausomwi tu, unashikwa kwa mikono: mtoto anaanza kwenye mivukuto, anatazama, ndipo siku moja anapewa nyundo.

Sasa mnyororo huo ukikatika je? Huko Buhaya, mkoani Kagera, chuma cha Ulaya kiliingia kwa bei rahisi, matanuri yakapoa. Wahunzi waliendelea kufua majembe, ila kwa chuma cha kuletwa. Miaka ya 1970 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wajenge tanuri tena.

Haikuwa kazi rahisi. Ilibidi wakumbushane na kujaribu zaidi ya mara moja: udongo wa kichuguu, taka za chuma za zamani, shimo lililojaa nyasi za kinamasi zilizochomwa. Hatimaye chuma kikatoka. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science, na ubishi kuhusu joto la tanuri lile ukaendelea kwa miaka.

Wengi husifu ukale wa chuma cha Buhaya, takriban miaka 2,000. Mimi naangalia umri wa wale wazee. Ombi lile lingechelewa miaka ishirini tu, tungebaki na mashimo na taka za chuma. Lini uongeze makaa, lini uache kuvukuta? Hayo wangekuwa wamezikwa nayo.