Mwanafunzi wa kigeni anapofungwa Urusi

Machi 2022, siku chache baada ya kuivamia Ukraine, Urusi ilipitisha sheria ya kifungo cha hadi miaka 15 kwa wanaoeneza kile inachokiita habari za uongo kuhusu jeshi lake. Mwanafunzi wa kigeni naye yumo.

Gereza lenyewe lina hatari nyingine, kubwa zaidi. Januari 2023, Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania, Dk. Stergomena Tax, alieleza kuwa Mtanzania aliyekwenda huko kusomea shahada ya uzamili alifungwa miaka saba, akaahidiwa msamaha iwapo angejiunga na kundi la Wagner, kisha akauawa vitani Oktoba 2022. Mwezi mmoja kabla, Mzambia aliyekuwa masomoni Moscow alikufa vivyo hivyo.

Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mgeni aliyekamatwa haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe. Haumkingi dhidi ya hukumu.