Moyo, Kichwa na Ubongo: Makao ya Akili katika Fasihi ya Kiswahili

Kila mfasiri wa maandishi ya utabibu, sheria au elimu hana budi kujiuliza: mtu hufikiri kwa kiungo gani? Sayansi hujibu kuwa ni ubongo. Fasihi ya Kiswahili ina jibu lake la tangu zamani, na waundaji wa istilahi hawawezi kulipuuza.

Katika Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir yapata miaka 200 iliyopita, mshairi anayatafakari magofu ya Pate huku akijadiliana na moyo wake. Anauhoji kama ahojiwavyo mtu mwerevu: mbona hauzingatii yaliyowapata matajiri wa jana? Hapa moyo si makao ya mapenzi tu. Ndio unaopima, unaochagua na unaokosea. Matumizi hayo yangali hai. Mtu "akisema moyoni" anawaza, na mwanafunzi asiyetoa sauti husoma kimoyomoyo.

Neno akili tumelipata katika Kiarabu, pamoja na fikra, fahamu na dhamiri. Lilipoingia halikuung'oa moyo, kwa kuwa hutaja uwezo bila kutaja kiungo. Ndipo wahenga wakaweza kusema kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ubongo, neno la Kibantu, ni jina la kiungo chenyewe; lakini bongo imepanda cheo mitaani ikawa na maana ya werevu, hata Dar es Salaam ikaitwa kwa jina hilo.

Riwaya imeleta sura nyingine. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichwamaji. Tangu jina lake, kitabu hicho kinaihamisha fikira kutoka kifuani hadi kichwani. Mhusika wake mkuu, Kazimoto, ni msomi wa chuo kikuu ambaye kuwaza kwenyewe kunamwelemea, na mwisho anajiua. Moyo wa Al-Inkishafi uliweza kuonywa ukaongoka. Kichwa cha Kazimoto hakina wa kukionya.

Historia hii ina manufaa ya kila siku. Aliyeumia ubongo aweza kuwa na akili timamu. Mwenye ugonjwa wa akili aweza kuwa na ubongo usio na jeraha. Hati ya mahakama ikiyachanganya maneno hayo, haki ya mtu hupotea. Vilevile mgonjwa asemaye kwamba moyo wake hautulii huenda analalamikia wasiwasi, wala si mapigo ya moyo. Mkalimani asiyelijua hilo humpeleka kwenye tiba isiyo yake.

Siku hizi mashine zinazojifunza zimepewa majina matatu yanayoshindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Yote yamechagua akili, yakaacha ubongo na moyo. Chaguo hilo ni sahihi, kwani mashine imepewa uwezo wa kutenda, haikupewa kiungo cha kuwazia wala moyo wa kuonywa.